Mali bila daftari: Jinsi violezo vinavyojenga mitambo ya wingu la tarakilishi

ASUBUHI ya Agosti 1, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa hisa nchini humo, ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 kwa muda wa dakika 45 hivi. Hakuna mwizi aliyevunja mlango wala mdukuzi aliyepenya mitamboni. Kilichotokea ni kwamba, siku chache kabla ya mkasa huo, programu mpya ilikuwa ikiwekwa katika seva nane za kampuni. Ikawekwa katika seva saba, ya nane ikasahaulika.

Soko la hisa la New York lilipofunguliwa, seva hiyo ya nane iliamsha programu kuukuu ambayo kampuni ilikuwa imeacha kuitumia tangu 2003, ikaanza kutuma maagizo ya kununua na kuuza hisa bila kikomo. Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilipochunguza kisa hicho, ilibaini kwamba mitambo ilifanya biashara zaidi ya milioni nne katika hisa za aina 154. Ilibaini pia kwamba hakuna fundi wa pili aliyekagua kazi ya mwenzake, na kwamba kampuni haikuwa na utaratibu wa maandishi uliodai ukaguzi huo. Mnamo Oktoba 2013 kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 12. Kufikia wakati huo, ilikuwa imekwisha kuunganishwa na kampuni nyingine.

Seva zile zilikuwa mali ya Knight yenyewe wala hazikuwa za kukodi. Hata hivyo, swali lililoachwa na mkasa ule linamhusu kila mwenye mitambo: Je, mitambo inayotegemewa na maelfu ya watu ijengwe kwa kumbukumbu ya fundi au kwa maandishi? Wahenga walikwisha kunena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika taaluma ya tarakilishi, daftari hilo huitwa kiolezo cha miundomsingi.

Wingu si la angani

Neno "wingu" huwapotosha wengi. Data inayosemwa kuwa imehifadhiwa katika wingu haiko angani. Imo ndani ya majumba makubwa yaliyojaa seva, yenye jenereta, mitambo ya kupoza joto na walinzi langoni. Mwenye majumba hayo hukodisha nguvu za seva zake kupitia intaneti, na mteja hulipia kiasi alichotumia, kama vile mwenye nyumba anavyolipia umeme kwa mujibu wa mita.

Biashara hii ilishika kasi mwaka wa 2006. Mnamo Machi mwaka huo, kampuni ya Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data kupitia huduma iitwayo S3, kisha mnamo Agosti ikaanza kukodisha seva kupitia huduma ya EC2. Mchango wa Afrika katika jambo hili haujulikani sana. EC2 iliundwa na kikundi cha wahandisi waliofanyia kazi jijini Cape Town chini ya uongozi wa Chris Pinkham, raia wa Afrika Kusini.

Miaka mingi ilipita kabla ya majumba yenyewe kujengwa barani humu. Microsoft ilifungua vituo vyake vya Afrika Kusini mnamo Machi 2019, Amazon ikafungua vya Cape Town mnamo Aprili 2020, nayo Google ikafungua vya Johannesburg mnamo Januari 2024. Kutokana na huduma za aina hii, kampuni iliyoko Nairobi, Kisumu au Mombasa inaweza kupata seva kadhaa kabla chai haijapoa, bila kununua hata waya mmoja.

Wepesi huo ndio ulioleta tatizo jipya. Zamani seva ilipoagizwa, kulikuwa na risiti, karatasi za forodha na chumba ambamo kila mtu aliiona. Seva ya kukodi huzaliwa kwa kubofya kitufe, na asiyeandika alichobofya hana ushahidi mwingine ila ankara ya mwisho wa mwezi.

Dosari za kazi ya mkono

Njia ya kwanza ambayo fundi hujifunza ni kufungua ukurasa wa usimamizi wa wingu na kujibu maswali yanayotokea kwenye skrini. Seva iwe ya ukubwa gani? Iwekwe katika mtandao upi? Ni nani aruhusiwe kuifikia? Nakala za akiba zihifadhiwe kwa siku ngapi? Njia hii haina ubaya kwa anayejifunza. Ubaya hujitokeza pale kazi inapokuwa kubwa.

Aghalabu kampuni huhitaji mitambo ya aina tatu inayofanana: ya wasanidi kufanyia majaribio, ya kukaguliwa, na ile inayotumiwa na wateja. Fundi akiijenga yote kwa mkono, atajibu maswali yale yale mara tatu, na si rahisi majibu yafanane. Matokeo yake ni kwamba programu hufaulu katika majaribio kisha ikakwama mbele ya wateja, kwa sababu ya tofauti ndogo ambayo hakuna anayeikumbuka. Fundi huyo akiacha kazi, huondoka na ramani nzima kichwani.

Juhudi za kuondoa tatizo hili zilianza kabla ya wingu. Mnamo 1993, Mark Burgess wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway alibuni programu ya CFEngine, iliyosoma maelezo ya jinsi tarakilishi inavyopasa kuwa kisha ikairekebisha ifanane na maelezo hayo. Mnamo 2005 ilizuka programu ya Puppet iliyofuata nyayo hizo. Programu hizo zilishughulikia hasa mambo yaliyomo ndani ya seva ambazo tayari zilikuwapo. Wingu lilipokuja, hata seva yenyewe, mtandao wake na hifadhidata yake viliweza kuagizwa kwa amri za programu. Hivyo basi, ikawezekana kuandika mtambo mzima katika faili moja. Mnamo Februari 2011, Amazon ilizindua huduma ya CloudFormation kwa lengo hilo.

Maana ya kiolezo

Fundi cherehani mwenye wateja wengi hakati kila shati kwa kukisia. Hukata karatasi kwa kipimo sahihi, akaitandaza juu ya kitambaa, na kwa karatasi hiyo moja akapata mashati ishirini yanayolingana. Akitaka kubadilisha ukosi, hurekebisha karatasi kwanza. Kiolezo cha miundomsingi hufanya kazi kwa namna hiyo.

Katika CloudFormation, kiolezo ni faili ya maandishi iliyoandikwa kwa mtindo uitwao JSON au YAML. Huwa na sehemu kadhaa. Sehemu ya vigezo hutaja mambo yanayoweza kubadilika kila mtambo unapojengwa, mathalani ukubwa wa seva au jina la idara. Sehemu ya masharti hueleza yale yatakayojengwa katika hali fulani tu. Sehemu ya matokeo hutoa taarifa baada ya ujenzi, kama vile anwani ya tovuti iliyopatikana. Sehemu ya rasilimali ndiyo moyo wa faili, na ndiyo pekee ambayo ni ya lazima: humo huorodheshwa kila seva, kila mtandao, kila hifadhidata na kila kanuni ya ulinzi. Kiolezo kimoja kinaweza kubeba hadi rasilimali 500.

Jambo la msingi ni kwamba kiolezo hakielezi hatua za kufuata. Kinaeleza hali inayotakiwa, na huduma ya wingu ndiyo inayotafuta njia ya kuifikia. Mwandishi husema, "Pawe na seva mbili nyuma ya lango moja." Hasemi, "Fungua ukurasa huu, bofya pale, kisha ungoje."

Chukua mfano wa Sacco inayotaka wanachama wake waweze kuangalia salio la akiba zao kwa simu. Kiolezo chake kitataja mtandao wa ndani uliogawanywa sehemu mbili, moja ya wazi na nyingine ya siri. Kitataja lango linalopokea maombi ya wanachama na kuyagawanya kwa seva mbili, ili moja ikizimika nyingine iendelee. Kitataja hifadhidata iliyo katika sehemu ya siri, na kanuni kwamba seva hizo mbili tu ndizo zinazoruhusiwa kuzungumza nayo. Kitataja vilevile muda wa kutunza nakala za akiba.

Faili hiyo ikikabidhiwa CloudFormation, huduma hiyo husoma uhusiano wa vitu vyote na kupanga utaratibu wenyewe. Seva haiwezi kutangulia mtandao wake, kama vile mlango usivyoweza kutangulia ukuta. Rasilimali zote zilizozaliwa na kiolezo hicho huhesabiwa kuwa rundo moja, na hushughulikiwa pamoja. Kitu kimoja kikishindikana katikati ya ujenzi, kwa kawaida huduma huondoa vyote vilivyokwisha kujengwa, pasibaki gofu lisilo na mwenyewe.

Kubadilisha na kubomoa

Faida kubwa huonekana baada ya siku ya kwanza. Sacco ikipata wanachama wengi na kuhitaji seva nne, fundi hahitaji kukumbuka jinsi alivyojenga zile mbili. Hubadilisha tarakimu katika faili na kuiwasilisha tena. Huduma hulinganisha faili mpya na ya awali, kisha hugusa tofauti tu. Faili isiyobadilika ikiwasilishwa mara ya pili, hakuna kinachojengwa maradufu.

Isitoshe, faili ya maandishi inaweza kuhifadhiwa katika programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko, kama vile Git. Humo huonekana ni nani aliyebadilisha mstari upi, siku gani, na kwa sababu gani. Mabadiliko yanaweza kuzuiwa hadi mtu wa pili ayasome na kuyaidhinisha. Huo ndio ukaguzi uliokosekana Knight Capital.

Tangu Machi 2016, CloudFormation humwezesha fundi kuona orodha ya mabadiliko kabla hayajatekelezwa: kipi kitaongezwa, kipi kitarekebishwa, kipi kitaondolewa na kipi kitajengwa upya. Neno hilo la mwisho lapaswa kumshtua msomaji. Zipo sifa za rasilimali ambazo hazibadiliki ila kwa kuunda nyingine mpya badala yake. Mtu akibadilisha jina rasmi la hifadhidata ndani ya kiolezo, anaweza kujikuta na hifadhidata mpya iliyo tupu, huku ile yenye kumbukumbu za wanachama ikiondolewa. Kwa sababu hiyo, mwandishi makini huongeza katika kiolezo agizo kwamba hifadhidata isifutwe, au isifutwe kabla ya kuchukuliwa nakala yake.

Kubomoa nako ni kurahisi. Mitambo ya majaribio inaweza kujengwa asubuhi na rundo lake kufutwa jioni. Ankara nyingi za wingu hutozwa kwa dola, na shilingi inapodhoofika, seva iliyosahauliwa huwa ghali zaidi kila mwezi. Matumizi ya CloudFormation kwa rasilimali za Amazon hayana ada ya ziada. Kinacholipiwa ni rasilimali zenyewe.

Zana nyingine

CloudFormation hujenga hasa katika wingu la Amazon. Microsoft ina violezo vyake vya mfumo wa Azure Resource Manager, vinavyoandikwa kwa JSON, na baadaye ikabuni lugha iitwayo Bicep iliyo nyepesi kusoma.

Kwa wanaotumia mawingu zaidi ya moja, zana iliyoenea sana ni Terraform, iliyotolewa mnamo Julai 2014 na kampuni ya HashiCorp. Kampuni hiyo ilianzishwa mnamo 2012 na Mitchell Hashimoto na Armon Dadgar. Terraform hutunza faili maalumu ya kumbukumbu inayoonyesha ni vitu gani ilivyokwisha kujenga. Faili hiyo ikipotea, zana hushindwa kuvitambua vitu ilivyojenga yenyewe; ikiangukia mikono mibaya, huweza kufichua siri, kwa kuwa nywila huweza kubaki ndani yake zikisomeka waziwazi.

Mnamo Agosti 2023, HashiCorp ilibadilisha leseni ya Terraform na kuwawekea vikwazo washindani wake wa kibiashara. Waliopinga hatua hiyo walichukua toleo la awali na kuanzisha mradi wa OpenTofu, ulio chini ya Linux Foundation. Mnamo Februari 2025, kampuni ya IBM ilikamilisha ununuzi wa HashiCorp. Kisa hiki chafaa kukumbukwa na taasisi yoyote inayochagua zana: daftari ni mali ya aliyeliandika, lakini kalamu huweza kuwa ya mtu mwingine.

Maandishi nayo hukosea

Itakuwa makosa kudhani kwamba kiolezo ni dawa ya kila ugonjwa. Karatasi ya fundi cherehani ikikatwa vibaya, mashati yote ishirini yatapinda. Kiolezo kilichoacha hifadhidata wazi kwa ulimwengu mzima kitaiacha wazi katika kila mtambo kinaoujenga.

Kasi nayo ina hatari yake. Mnamo Februari 28, 2017, mhandisi mmoja wa Amazon huko Marekani alitekeleza amri ya kuondoa seva chache za huduma ya S3. Alifuata utaratibu uliokuwepo, lakini akakosea sehemu moja ya amri, na seva nyingi kuliko zilizokusudiwa zikaondolewa. Tovuti na huduma nyingi zilizotegemea vituo vya kaskazini mwa jimbo la Virginia zilivurugika kwa takriban saa nne. Baadaye Amazon ilibadilisha zana hiyo ili iondoe seva polepole zaidi, na ikatae amri yoyote inayopunguza seva chini ya kiwango kinachohitajika. Somo ni kwamba kuandika utaratibu hakutoshi. Sharti chombo chenyewe kiwe na breki.

Hatari nyingine ni kuandika siri mahali pa wazi. Mnamo 2016, wadukuzi walipata funguo za siri ndani ya hazina ya programu za kampuni ya Uber, wakazitumia kuingia katika data iliyohifadhiwa kwenye wingu. Taarifa za abiria na madereva milioni 57 duniani zilichukuliwa. Kampuni hiyo, inayohudumu pia jijini Nairobi, ilitangaza jambo hilo hadharani mnamo Novemba 2017, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 148 kwa majimbo ya Marekani. Kwa hivyo, nywila haiandikwi katika kiolezo. Kiolezo hutaja tu mahali salama ilipotunzwa, nayo mitambo huichukua huko wakati wa kazi.

Kuna pia kishawishi cha njia ya mkato. Usiku wa manane mtambo unapokwama, fundi hufungua ukurasa wa usimamizi na kurekebisha jambo kwa mkono, akiahidi kuliandika kesho. Kesho hiyo isipofika, kiolezo na mtambo huanza kutofautiana, na marekebisho yale huweza kufutika siku kiolezo kitakapowasilishwa tena. Tangu Novemba 2018, CloudFormation ina uwezo wa kukagua na kuonyesha tofauti za aina hii. Lakini dawa hasa ni nidhamu: kinachobadilishwa mtamboni kibadilishwe kwanza katika maandishi.

Wajibu kwa wenye data

Nchini Kenya, jambo hili si la mafundi peke yao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazitaka taasisi zinazoweka habari za watu kuchukua hatua zifaazo za kuzilinda, na inaweka masharti kwa wanaozipeleka nje ya nchi. Habari zikifikiwa na asiyeruhusiwa na ikawapo hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72.

Saa 72 si nyingi kwa taasisi isiyojua ina seva ngapi, ziko wapi, na nani aliruhusiwa kuzifikia. Iliyo na violezo, pamoja na kumbukumbu za mabadiliko yake, ina pa kuanzia: itafungua faili na kusoma. Isiyo navyo itaanza kwa kumtafuta kwa simu fundi aliyeacha kazi mwaka jana.

Wanaotaka kuanza hawalazimiki kuandika mitambo yao yote kwa siku moja. Wanaweza kuanza na sehemu ndogo isiyo na data ya wateja, wakaijenga kwa kiolezo, wakaifuta, wakaijenga tena na kuhakikisha kwamba imerudi kama ilivyokuwa. Jaribio hilo ndilo mtihani wa kweli. Kama mtambo hauwezi kujengwa upya na mtu ambaye hakuujenga mara ya kwanza, basi daftari lake bado halijakamilika, na seva ya nane ingali inangoja kusahaulika.